Bibi Hajafa, Tunauza Halua

Kwa ambao hamkutusoma wiki zilizopita, nawafupishia, maana sina cha kuficha tena.

Baba yuko Asaluye kwenye mitambo ya gesi, na mshahara wake huja siku unayojisikia kuja. Baba Mkubwa Kayumars, kaka yake, yeye anakaa Arak. Mwezi uliopita alikuja hapa mjini kwetu, Malayer, akaketi sebuleni kwetu, akanywa chai yetu, halafu akatoa hukumu. Nyumba hii ya Bibi ni kubwa na haiingizi kitu. Kama mwezi huu utaisha Mama hajapata kazi ya kufanya humu humu ndani, kazi yenye mteja wa kweli, nyumba inauzwa. Bibi atahamia kwake Arak. Mimi na Mama tutarudi Nahavand kwa ndugu zake Mama, ambako tayari watu wanalala kwa zamu.

Ndiyo maana tukaanza kuchagua biashara.

Kwanza Mama alichagua nyusi. Akafungua saluni jikoni, kiti kimoja, uzi wa kung'olea nyusi mdomoni. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Aliingia na nyusi mbili, akatoka na moja na nusu. Mpaka leo nikikosea hesabu ananitazama kwa ile nusu.

Pili akachagua mboga za majani. Wanawake wa maofisini hawana muda wa kuchambua kotimiri na uwatu, Mama akasema, basi sisi tuwachambulie, tuwakatie, tuwakaangie, wao wabaki kupika tu. Tukachambua sebuleni, tukachambua ukumbini, tukachambua mpaka juu ya kitanda changu. Mke wa mfamasia akakuta konokono kwenye mfuko wake, tena mzima, tena yuko safarini. Na mimi nilinuka uwatu darasani mpaka wakafungua madirisha.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa ya wiki hii, na naomba mjue kwamba kosa lote lilikuwa langu, ingawa sikusema neno hata moja. Hasa kwa sababu sikusema.

Ilianza na Bibi.

Bibi Tuba ndiye mama yake Baba. Goti limemgomea tangu kiangazi, kwa hiyo haonekani uchochoroni. Analala chumba cha pembeni mwa sebule, nyuma ya pazia, na kutoka huko anaendesha nyumba nzima kwa sauti. Bibi anamwita Mama Bi Harusi mpaka leo, na Mama ameolewa kabla mimi sijazaliwa.

Akasema, Bi Harusi, wewe unachagua kazi ambazo mikono yako haizijui. Chagua inachokijua mikono. Mikono yake yeye ilijua halua. Siyo zile za dukani. Halua ya kwetu, unga wa ngano unaokaangwa kwa mafuta mpaka unukie kama njugu zilizochomwa, halafu badala ya sukari unamiminiwa asali ya zabibu, zabibu za Malayer. Yeye angefundisha, Mama angekoroga.

Mama akasita. Kwetu halua hailiwi hivi hivi. Halua inapikwa kukiwa na maiti, au siku ya kumkumbuka maiti. Sahani ya halua ikifika mlangoni kwako, unauliza nani, unamsomea Fatiha, ndiyo unakula. Mama akamwambia Bibi kwamba majirani wakipelekewa waonje, kitu cha kwanza watauliza nani amekufa.

"Wakiuliza, mtoto atawaambia ni biashara," Bibi akasema. "Si ana mdomo?"

Mdomo ninao. Kufunguka ndiyo shughuli.

Mimi shuleni nikiitwa jina, nanyoosha mkono badala ya kuitika. Kwenye foleni ya mkate nawapisha watu mpaka mkate unakwisha, narudi nyumbani nasema duka limefungwa. Lakini Mama aliona hii ndiyo dawa yangu. Akanitungia maneno ya kusema, mafupi kabisa: Mama anawasalimu, tumeanza biashara, onjeni, atakayependa aagize. Nikayakariri nikiwa naosha sahani. Nikayasema vizuri sana mbele ya friji.

Wakapika. Bibi alikuwa anasikiliza harufu kutoka kitandani na kuamrisha moto upunguzwe, uongezwe, Bi Harusi usiache kukoroga, mkono huo umelala. Mama alitoka pale jasho linamtiririka kama aliyetoka hamamu. Halua ilipoiva, Bibi akataka sahani ziletwe kwake azipambe mwenyewe. Akaitandaza kwa mgongo wa kijiko, akachora maua pembeni, akanyunyiza lozi na waridi lililokauka.

Zilipendeza. Zilikuwa vilevile kabisa kama sahani za matanga.

Tena ilikuwa Alhamisi alasiri, siku ambayo mji mzima unawakumbuka wafu wake. Hakuna kati yetu aliyeangalia siku.

Nikatoka na sinia.

Mlango wa kwanza ni wa Bi Eshrat, mkabala na kwetu. Nilitaka kuuruka nianze na wa pili, lakini alikuwa ameshafungua, anamwaga maji ya kufagilia. Akaliona sinia. Ndoo ikatua chini.

"Nani?" akauliza.

Mama anawasalimu. Maneno yalikuwepo. Yalipanga foleni vizuri kooni, yakasimama hapo, kama mimi kwenye foleni ya mkate.

"Mwanangu, nani?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Uso ukaanza kuwaka. Mimi nikiaibika hivyo machozi hunitoka yenyewe, siyo ya huzuni, ni ya aibu tu, lakini machozi hayana alama. Bi Eshrat akanitazama. Halafu akatazama ng'ambo, kwenye dirisha la Bibi, dirisha ambalo halijafunguliwa pazia tangu kiangazi.

"Tuba," akasema taratibu. "Tuba ametutoka."

Nilitikisa kichwa kukataa. Wallahi nilitikisa. Lakini alikuwa ameshanivuta kifuani, na kichwa cha mtu aliyebanwa kifuani kwa Bi Eshrat hakiendi kulia wala kushoto.

Akaniambia mtoto mwenye msiba hatembezi halua yake mwenyewe. Akanipokonya sinia, akajitanda shela, akasema atawagawia yeye uchochoro mzima, mimi nirudi nikakae na mama yangu.

Nikabaki barabarani mikono mitupu.

Nyumbani Mama akaniona sina sinia, macho yakamtoka. Zote zimekwisha? Nikaitikia kwa kichwa. Watu wamesemaje? Nikafikiri sana. Nikamwambia wameguswa.

Mama akambusu Bibi mkono. Akanibusu mimi. Akaweka birika la chai kubwa, lile la wageni, maana alisema biashara ikianza hivi, wateja watakuja wenyewe.

Walikuja.

Walikuja wanawake wa uchochoro mzima, Bi Eshrat mbele, wote wamevaa nyeusi kama kundi la kunguru, na tende, na leso za karatasi za kufutia machozi. Mama alifungua mlango na unga umemjaa mikononi, tabasamu limefika masikioni. Akasema karibuni, karibuni sana, siku hii nimeiomba kwa Mungu muda mrefu.

Wanawake wakatazamana.

Mama akaendelea. Akasema mzigo ulikuwa mzito lakini sasa anaona nuru. Akawaomba wakae, wajisikie nyumbani. Halafu akasema, "Na kama mmeipenda, tutakuwa tunafanya kila wiki."

Mmoja alidondosha tende.

Bi Eshrat akamshika Mama mabega, akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya chini kwamba huzuni ikizidi inapanda kichwani, wasimhukumu. Hapo hapo vijana wawili wakawa wanafunga kitambaa cheusi cha kutangaza msiba juu ya lango letu, kimeandikwa kwa nyeupe. Mama akanyanyua macho akasoma. Nilimwona akisoma. Alisoma mpaka mwisho, akarudia kwenye jina.

Akaja jikoni mbio, akanibana kwenye friji.

"Mahrokh, uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Hicho ndicho ninachokuuliza."

Nikamweleza. Kwa Mama naweza kusema, ingawa siku ile ningependa nisiweze. Akakaa juu ya gunia la vitunguu. Akasema atatoka sasa hivi awaambie ukweli, liwalo na liwe. Akajifuta unga, akashika mlango. Sauti ya Bibi ikatuita chumbani, ya kunong'ona, nayo si kawaida yake.

Bibi alikuwa amekaa kitako, kitambaa kichwani kimenyooka, macho yanang'aa kama ya msichana aliyesikia jina lake likitajwa harusini. Alikuwa amesikia yote. Pazia ni pazia, siyo ukuta.

"Eshrat analia?" akaniuliza.

"Analia."

"Kwa machozi au kwa sauti tu?"

"Kwa machozi."

Akavuta pumzi. Akauliza kitambaa cha langoni kina urefu gani. Nikamwambia kinaishia dirishani. Akasema cha mama wa muuza nyama kilifika mpaka kwenye nguzo ya umeme, wabahili wakubwa hawa.

Mama akamwambia Bibi, huku ni kudanganya watu, ni dhambi, nakwenda kuwaambia. Bibi akamjibu kwamba yeye hajamdanganya mtu, yeye amelala kitandani kwake, kama ilivyo kawaida yake. Dhambi wagawane waliojialika. Ila asubiri kidogo. Kidogo tu.

Ndipo akatueleza, na mimi nilikuwa sijui. Zamani, kwenye matanga ya mtu mmoja mkubwa hapa mjini, Bibi alipika halua, na Bi Eshrat akaonja mbele ya wanawake wote akasema, mbichi. Neno moja tu. Toka siku hiyo Bibi hajaalikwa kupika popote, kwa sababu Malayer nzima ikitaka kujua halua imeiva au haijaiva inamuuliza Eshrat. Wametazamana mlango kwa mlango miaka yote hiyo, wanasalimiana, wanaulizana afya, na lile neno liko katikati yao barabarani kama jiwe.

"Nikiwa hai hatasema," Bibi akasema. "Acha niwe maiti kidogo tusikie."

Mama akatoka. Mimi nikabaki nyuma ya pazia, mkono wangu uko mkononi mwa Bibi.

Wanawake walikuwa wanasifu. Tuba alikuwa na moyo. Tuba alikuwa na mkono wa kutoa. Tuba alikuwa na ulimi, Mungu amsamehe, ulimi ule ungeweza kukata kitambaa. Hapo Bibi alinifinya. Halafu sahani za halua walizorudi nazo zikaanza kupita, na kukawa kimya, kile kimya cha watu wanaokula kitu wasichotaka kimalizike.

"Nisikilizeni," Bi Eshrat akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mimi niliwahi kusema halua ya huyu mama ni mbichi. Leo mbele yenu nasema, sijawahi kuweka halua kama hii mdomoni. Amemfundisha mkwe wake kabla hajaondoka. Tuba, nisamehe."

Bibi aliuachia mkono wangu. Akafuta macho kwa ncha ya shuka, haraka, kama anafuta vumbi.

Nilidhani sasa basi, atatoka, tutacheka, yataisha. Lakini akazungumza Bi Forugh.

Bi Forugh ni mjane wa mfanyabiashara wa zabibu kavu, mwenye nyumba yenye lango la vigae. Alimwomba Mama radhi kwa kuleta mambo ya dunia kwenye nyumba ya msiba. Ila wiki ijayo ni mwaka wa marehemu mume wake, msikiti mkubwa utajaa, na yule mpishi wa Hamadan amemwangusha. Je, Mama angeweza kupika? Kwa msikiti mzima? Na baada ya hapo kuna mwaka wa shemeji yake, na kisomo cha wanawake kila mwezi, na familia yao, Mungu awarehemu, wanakufa sana. Akaingiza mkono mkobani, akatoa bahasha nono, akaiweka chini ya kisahani cha chai, mbele ya Mama.

Mama alikuwa amesimama ili aseme ukweli. Akakaa. Niliona kupitia tundu la pazia akiukalia ule ukweli kama kuku anavyokalia yai.

Mteja wa kweli. Nyumba ilikuwa imeokoka.

Ikaokoka kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Maana Bi Eshrat alimshika Mama goti kumfariji, akamwambia asiwe na wasiwasi wa mambo ya mazishi, yeye ameshampigia simu Kayumars. Tena alipompigia ilikuwa kabla hata hajamaliza kugawa sahani. Arak si mbali.

Mama hakujibu. Kwa mara ya kwanza nikaona ninafanana na nani.

Baba Mkubwa aliingia akiwa na shati jeusi lenye mikunjo ya dukani bado. Akalia uani, wanaume wakamshika kwapani. Akalia mlangoni. Akaingia sebuleni, wanawake wakavuta shela zao, akalia tena. Siwezi kusema alikuwa anaigiza. Alilia kama mtu aliyefiwa na mama yake. Tatizo lilikuwa yule aliyekuja naye.

Nyuma yake kulikuwa na bwana mmoja mwenye koti la kahawia. Huyo alitoa pole, halafu akatazama dari. Akatoa pole nyingine, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena pembeni kidogo. Akamuuliza kijana mmoja, kwa unyenyekevu mkubwa, kama kisima cha uani kina maji.

Baba Mkubwa akajifuta uso akasema maneno machache. Kwamba mama ndiye alikuwa nguzo. Kwamba nguzo ikianguka hakuna haja ya kushikilia paa. Kwamba huyu bwana ni dalali, mtu mcha Mungu, wamekutana naye tu njiani, na kwa kuwa ndugu na majirani wote wapo ni vizuri wajue mapema: baada ya mazishi nyumba itauzwa, shemeji yake Puran, yaani Mama, na mtoto watapelekwa Nahavand, salama salimini, kwa gari lake mwenyewe.

Nyuma yangu kitanda kikalia. Bibi alikuwa ameshusha mguu mmoja.

"Sasa mnionyeshe mama yangu," Baba Mkubwa akasema. "Yuko wapi?"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mmoja alidhani yuko hospitali. Mwingine alidhani ameshapelekwa kuoshwa. Bi Eshrat akamtazama Mama, na Mama akatazama bahasha.

"Shemeji, mama yangu amefia wapi? Saa ngapi?"

Mama akasogeza kisahani. Akakirudisha. Akasema chai imepoa, ataleta nyingine.

Baba Mkubwa akaanza kuona kuna jambo. Akageuza macho sebule nzima, yakaangukia kwenye pazia, na miguu yangu iliyokuwa inaonekana chini yake. Akaniita. Nikatoka. Sijui nilitokaje. Nyuso zote zile, na zote zikanigeukia mimi, na uso ukaanza kuwaka.

"Huyu hawezi kudanganya," Baba Mkubwa akawaambia watu. "Huyu hata ukweli hasemi." Akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Mahrokh, mwanangu. Bibi yako amekufa lini?"

Nikaona lile koti la kahawia linapima dirisha letu kwa viganja. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kwamba nikinyamaza safari hii, kimya changu kitauza nyumba. Maneno yakaja kooni, yakasimama kwenye foleni, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikayasukuma.

"Bado," nikasema.

Hakuna aliyeelewa haraka.

Halafu pazia likavutwa, Bibi akatoka na fimbo yake, kitambaa kichwani kimenyooka, akasimama.

Wawili walikimbia kupitia jikoni, viatu walivifuata kesho yake. Mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kutokea katikati. Baba Mkubwa alirudi nyuma, akakaa, na alipokaa palikuwa na sinia la tende. Bi Eshrat peke yake hakupiga kelele wala hakuanguka. Machozi yake yalikatika tu, kama bomba.

"Tuba," akasema. "Shetani mkubwa wewe."

"Wewe uliyesimama hapo," Bibi akamwambia dalali kwanza, "acha kugonga nyumba ya watu, ukae chini upewe chai."

Baba Mkubwa alipopata sauti alikuwa na hasira kuliko alivyokuwa na huzuni, na huzuni yake ilikuwa kubwa. Arak nzima imeshaambiwa. Bosi wake amempa ruhusa. Amelia barabarani mpaka askari wa trafiki amemsimamisha akamwonea huruma. "Hii ndiyo kazi mliyoichagua? Kuwazulia wazee vifo?" Kesho asubuhi, akasema, watu wanahama. Hakuna cha mwisho wa mwezi tena.

Bibi akamwacha amalize. Akamwomba arudie mbele ya majirani yale aliyoyasema sebuleni hapa mwezi uliopita. Hakutaka. Akamwomba tena, na Bibi akiomba mara ya pili fimbo yake huwa inanyanyuka kidogo. Basi akarudia, huku ameuma meno: kazi ya humu humu ndani, yenye mteja wa kweli.

"Kazi ni halua," Bibi akasema. "Mteja huyu hapa."

Tukamgeukia Bi Forugh.

Bi Forugh alikuwa mwekundu kama komamanga. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bahasha, umeifunika.

Akasema yeye ni mtu mzima na hapendi kuchezewa. Akasema yeye alitoa lile agizo kwenye nyumba ya msiba, na msibani watu husifu kila kitu, hata chai ya baridi wataisifu, hata marehemu. Sasa atajuaje kama alipenda halua au alimwonea huruma mfiwa? Akipeleka kitu kibichi kwenye mwaka wa mume wake, mji mzima utamcheka mpaka na yeye amfuate.

Mama akafungua mdomo. Bi Forugh akamzuia kwa kidole.

"Mpishi hajisifu. Bi Eshrat ndiye aliyesema, na alisema kwa maiti. Aseme tena kwa mtu aliye hai. Akisema yale yale, bahasha inabaki. Akisema mengine, naondoka nayo, na mhame salama."

Baba Mkubwa akasema sawa, hayo ni maneno. Akamwambia dalali asiondoke.

Sahani moja ilikuwa imebaki jikoni. Mama aliileta kwa mikono miwili. Bi Eshrat akaipokea, akakaa mkabala na Bibi, magoti yao yanakaribia kugusana. Hata yule wa Ayatul Kursi akaishia njiani. Nilimtazama usoni nitafute alama, nikakuta uso wa mwanamke aliyeomba msamaha mbele ya mji mzima, kwa mtu aliyekuwa nyuma ya pazia anasikiliza.

Akachota kijiko. Akakiweka mdomoni. Hakutafuna. Alikiacha kiyeyuke kwenye ulimi, macho kwa Bibi, na Bibi macho kwake, na mkono wa Bi Forugh juu ya bahasha.

Akameza. Akajifuta mdomo kwa ncha ya shela.

"Kwa vile uko hai, Tuba," akasema, "sasa nitasema kweli."